Flashi ya Kwaya

Uligeuza uso. Usianze kumtafuta mwingine wa kumsukumia lawama. Jumanne ile, saa tatu kasoro asubuhi, ulikuwa umekaa kwenye benchi refu la mbao la zahanati ya Boko ambayo watu huiita Kwa Shamsu, umekuja kuulizia dawa, kadi ya kliniki ya Alhamisi ya sukari na presha mkononi, na Avelina, Mama Recho, karani wa mapokezi, akapita mbele ya magoti yako akiwa amekumbatia mkoba. Kandambili zake za kazini alikuwa amezitia kwenye mfuko wa kaki. Miaka kumi na mmoja ya kazi, na mzigo wa kuondokea ukaenea kwenye mkono mmoja. Alikuaga hata. "Mbaki salama jamani." Nawe ghafla ukaona kuna jambo zito sana kwenye simu yako. Mwenzako wa kulia akaanza kusoma bango la malaria alilolisoma miaka yote. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Mama Recho, vipi tena?"

Na huyo ndiye aliyekuwa akikupigia simu dawa zikiingia. Ndiye aliyejua kwamba ninyi mko wawili wenye jina moja, na kwamba mmoja akipewa vidonge vya mwingine ataanguka njiani.

Kaa basi, usikie ilivyokuwa. Safari hii hutaondoka kabla haijaisha.

Sauti iliyomtoa Avelina ilikuwa ya Dada Mehrunissa, anayeiendesha zahanati tangu baba yake, Mzee Shamsuddin, afariki. Uliisikia, nyote mliisikia: "Mama Recho, nimechoka! Flashi, flashi, flashi! Mafaili ya wagonjwa wote yamo kwenye kompyuta hiyo, wewe unasikiliza kwaya! Nenda nyumbani, nitakuita." Lakini maneno yale hakuyatunga yeye. Alipewa na fundi kompyuta mmoja anaitwa Edgar, ambaye asubuhi hiyo hata Boko hakuwepo.

Edgar ana fremu ya biashara kando ya barabara ya Bagamoyo. Hakusomea kompyuta popote. Alijifundisha kwa kufungua mashine zilizokufa na kuzifunga tena mpaka moja ikakubali kuwaka, na tangu siku hiyo akawa na kiburi kidogo cha mtu ambaye hakuna mwalimu anayemdai shukrani. Zahanati aliingizwa na Avelina mwenyewe. Walikuwa jumuiya moja ya kanisa, wanasali pamoja kila Jumamosi asubuhi, na miaka miwili iliyopita Avelina alimwambia Mehrunissa, "Kuna kijana wetu kule jumuiyani, mikono yake ina akili." Wakati huo kompyuta ya mapokezi ilikuwa inaugua kuliko wagonjwa. Ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kunywa chai ukarudi, bado inajikuna. Edgar akafuta kila kitu, akaweka mfumo mwingine wa kuiendesha, Linux.

"Hii haifi, Dada Mehru," alitamba siku ile, mikono kiunoni. "Haiumwi virusi. Na ni ya bure, hakuna mtu atakuja kukudai leseni."

Mehrunissa aliogopa kidogo kwa sababu ya ugeni. Avelina hakuogopa. Wiki moja tu, akawa anatembea ndani yake kama jikoni kwake. Akaweka picha ya mahafali ya bintiye, Recho, ikajaa skrini nzima, na juu ya picha akapanga mafaili kwa siku: wa Jumanne, wa Alhamisi, wajawazito, na faili moja aliloliita WASIOJA, la wale waliokosa kliniki, awatafute.

Sasa, kila kompyuta inahitaji kusasishwa, na kusasisha kunakula bando la intaneti. Unajua bando linavyokwenda: unalinunua asubuhi, adhuhuri linakuaga. Kwa hiyo mafundi wa aina ya Edgar wana utaratibu wao. Anapakua vifurushi vya programu mara moja kwenye kompyuta yake ya fremuni, anavimimina kwenye flashi, kisha anazunguka na flashi hiyo kwa wateja: Boko, Wazo, mpaka Ukonga. Bando moja, kompyuta kumi. Ni ujanja wa watu wasio na cha kuchezea, na hakuna wa kuwacheka. Unafanya kazi vizuri kabisa, kwa sharti moja tu: kompyuta zote ziwe za toleo moja.

Mwezi mmoja kabla, Edgar alikuwa ameihamishia kompyuta yake kwenye toleo jipya. Ya zahanati ilibaki kwenye la zamani.

Alijua. Hapa tusimpambe. Jumapili, siku mbili kabla Avelina hajatolewa, alifika zahanati imefungwa, mlinzi akamfungulia, akachomeka flashi, akaamuru vifurushi viingie. Mashine ikakataa. Ikamwandikia mistari mitatu kwamba hivi haviendani na vilivyomo. Akatazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika kadhaa alasiri, na kule Wazo kulikuwa na sherehe ya kipaimara cha mtoto wa kaka yake, naye ndiye mshereheshaji, watu wazima wamekaa kwenye viti wanangoja atangaze keki. Linux ina neno la kulazimisha. Unaliongeza kwenye amri, nayo inanyamaza na kutii. Edgar akaliongeza. Vifurushi vikaingia vyote. Skrini haikubadilika, kwa sababu ilikuwa bado inaendeshwa na vile vya zamani vilivyokwisha kupakiwa tangu ilipowashwa. Fundi mwenye utulivu angeizima na kuiwasha tena ajiridhishe. Edgar aliizima tu, akakimbilia keki.

Jumatatu asubuhi simu ilimkuta Ukonga, kwenye shule moja aliyokuwa akiifungia kompyuta, mdomoni ana kipande cha chapati.

"Edgar, mashine imegoma," Mehrunissa alisema. "Mama Recho anaweka paswedi, skrini inakuwa nyeusi, halafu inamrudisha pale pale kwenye paswedi. Anaweka tena, inamrudisha tena. Kama mtu anafungua mlango anajikuta yuko nje."

"Inasema amekosea paswedi?"

"Hapana. Akikosea inasema. Akipatia ndiyo inamzungusha."

"Kuna mtu kachomeka kitu?"

"Sijui. Ile flashi yake ya kwaya labda, Ijumaa mchana nilisikia anaimbisha."

"Basi anzia hapo hapo, dada," Edgar akasema, akimeza. "Flashi hizi za mtaani zinabebaga kila uchafu."

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anavyosema pole. Hakuwa na nia mbaya na Avelina. Hakuwa na nia yoyote. Alikata simu, na kabla haijafika mfukoni, Jumapili ikamrudia nzima nzima: mistari mitatu, saa, lile neno la kulazimisha.

Dakika za maongezi alikuwa nazo. Namba ilikuwa pale juu kabisa. Alisimama kwenye uwanja wa shule, akaangalia simu, akajiambia atapiga akishamaliza chumba kile. Alipomaliza akajiambia bora afike mwenyewe aone kwanza, huenda kweli ni kitu kingine. Jumanne akasikia kwa mtu kwamba Avelina amerudishwa nyumbani. Akajiambia sasa imeshakuwa kubwa, ikipoa itazungumzika. Usimcheke. Na wewe una lako ulilolisubirisha lipoe.

Alhamisi ndipo alipokwenda. Kliniki ya sukari ilikuwa imejaa, na nesi Farida alikuwa amekaa mapokezi na kauntabuku, anaandika majina kwa mkono na kuhema.

"Karibu, daktari wa mashine," Farida akamwambia. "Mgonjwa wako huyu hapa. Sie tumerudi zama za kalamu."

"Pole, sista. Naona hali."

"Hebu kwanza. Si ulisemaga hii kitu haiumwi virusi? Nilikuwepo. Ulisimama hapo hapo, umeshika kiuno."

Edgar akacheka kicheko cha puani, akavuta kiti. Mto wa Avelina ulikuwa bado juu ya kiti, ule wa kitenge, umebonyea katikati. Akauondoa, akatafuta pa kuuweka, akauweka sakafuni, akaona vibaya, akauokota, akaupakata.

Akaijaribu kama kila mtu alivyoijaribu: paswedi, giza, paswedi. Kisha akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, na ile sura nzuri ya skrini ikaondoka, ikabaki nyeusi yenye maandishi matupu meupe. Mlango wa nyuma wa mafundi. Huko akaingia kwa jina lake.

"Mbona kama umeiua kabisa?" Farida akauliza, akichungulia begani.

"Hapana, nimeingia uani. Sebule ndiyo mbovu."

Akaanza kukagua jambo moja baada ya jingine, kama anavyokagua siku zote, na kila alipokagua alikuwa anaomba akute kosa la mtu mwingine. Labda diski imejaa: ikijaa, mtu haingii. Haikujaa, nafasi kibao. Labda faili dogo linalomruhusu mtu kuingia limebadilishwa mmiliki: lilikuwa bado la Avelina, halijaguswa. Akabakiza jaribio moja. Akatengeneza mtumiaji mpya kabisa, asiye na historia, ambaye hajawahi kuona flashi wala kwaya. Kama kosa lilikuwa kwenye mambo ya Avelina, huyu mpya angepita bila shida.

Akarudi kwenye sura ya kawaida, akaweka paswedi ya huyo mpya. Giza. Paswedi.

Mehrunissa alikuwa amesimama nyuma yake wakati huo, miwani juu ya mtandio. "Kwa hiyo si yeye peke yake? Hata mtu mpya inamzungusha?"

Ni mwanamke mwenye akili. Alikuwa amebakiza hatua moja kuufikia ukweli.

"Imeingia ndani zaidi," Edgar akasema.

"Hiyo virusi?"

"Hayo mambo ya flashi, dada." Na hapo hakuwa ameongopa, ukitaka kumpimia maneno kwa kijiko. Flashi ilikuwa flashi kweli, ila ya kwake.

Mehrunissa alipokwenda kumwona mgonjwa, Edgar akafungua faili moja ambalo watu wa kawaida hawajui kama lipo. Linux ina tabia hii: kila mtu akichomeka kitu au akiomba nguvu za mkuu wa mashine, inaandika. Nani, siku gani, saa ngapi, alikuwa amesimama kwenye folda gani, aliamuru nini. Haifanyi kwa ubaya, ndivyo ilivyolelewa. Akashuka na mistari. Ijumaa, saa saba na dakika tano mchana: flashi ya kwaya imechomekwa, na nusu saa baadaye ikachomolewa. Basi. Haikugusa chochote. Jumapili, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri: *edgar*. Folda: FUNDI_EDGAR. Amri: weka vyote. Na mwisho wa mstari, lile neno la kulazimisha, limekaa kama alivyoliandika, kwa mkono wake.

Mstari mmoja. Kuufuta ni kazi ya sekunde mbili, na Boko nzima hakuna mtu angejua kuutafuta. Akaandika amri ya kufuta. Kidole kikakaa juu ya kitufe.

Akamkumbuka Hija.

Hija alikuwa mlinzi pale pale Kwa Shamsu, miaka tisa iliyopita. Pampu ya maji ilipotea, mtu mmoja akasema tu, "Si Hija ndiye alikuwa zamu?" na Hija akaondoka na redio yake. Baada ya miezi miwili pampu ilikutwa kwa fundi bomba aliyekuwa amepelekewa kuitengeneza na mtu aliyesahau kusema. Hakuna aliyekwenda kwao Hija, Chamazi, kumwambia. Siku Hija alipoondoka, Edgar alikuwa kwenye benchi, kijana mwenye homa, ameegemea ukuta. Na alifanya nini? Alisoma bango la malaria.

"Fundi, chai," Farida akasema, akiweka kikombe karibu na kibodi.

Edgar akashtuka, akaifuta ile amri herufi moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Usidhani ni wema. Ni kikombe tu kilichomshtua.

Kazi yenyewe ilimchukua saa moja na nusu. Safari hii alinunua bando, akaiacha mashine ijichagulie vifurushi vya toleo lake, ikatupa vigeni na kurudisha vyake, kimoja kimoja. Akaizima. Akaiwasha. Paswedi ya Avelina ilikuwa imeandikwa kwa penseli ndani ya droo. Akaiandika, na skrini haikurudi nyuma. Ikafunguka. Recho akatokea amevaa joho, anacheka, mafaili yote yamejipanga juu yake. Hakuna lililopotea. WASIOJA lilikuwa na majina kumi na manne, la mwisho limeingizwa Ijumaa jioni.

"Mungu akubariki, Edgar," Mehrunissa akasema, na akamaanisha. "Umetuokoa."

Hiyo baraka aliibeba mpaka fremuni kama mtu aliyebebeshwa gunia la mtu mwingine na hajui pa kulitua.

Jumamosi, zamu ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwa Avelina. Zamu haijali nani kafukuzwa; ratiba ilipangwa tangu Januari. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi watu walikuwa wamekaa uani, akina mama kwenye mkeka, wanaume kwenye viti vya plastiki vya kuazima. Wakasoma, wakatafakari, ikafika sehemu ya nia, kila mmoja anataja anachokiombea. Mwenyekiti, Mwalimu Clara, akaanza: "Tumwombee mama yetu mwenye nyumba, arudishiwe kazi yake." Watu wakaitikia. Wa pili akarudia, wa tatu akarudia. Macho yakamfikia Edgar.

"Tumwombee Mama Recho," Edgar akasema. "Mungu… Mungu aonyeshe ukweli."

"Twakuomba utusikie."

Sauti ya Avelina ilikuwamo kwenye kuitikia, akimwombea Edgar maombi yake yapokelewe.

Baadaye, chai na ndizi za kuchemsha zikapita. Avelina alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye tabia ya kufuta mikono kwenye khanga hata ikiwa mikavu. Akamvuta Edgar pembeni, karibu na pipa la maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kukuomba radhi."

"Mimi?"

"Wewe. Mie ndiye niliyekupeleka pale, halafu mie mwenyewe nikakuharibia jina. Ulishatuambia mashine ile safi, mie nikaichomekea takataka zangu." Akafuta mikono. "Lakini ile flashi haitaharibu tena. Jumanne ile ile nilipofika hapa nimeitumbukiza chooni."

Edgar akabaki ameshika kikombe. "Si ndiyo yenye zile nyimbo za…"

"Za marehemu mume wangu, ndiyo. Besi la Adelard lote lilikuwa humo. Simu yake si iliibiwaga Tegeta? Zilikuwa zimebaki hapo tu." Akacheka kidogo, kicheko cha kumtoa mgeni aibu. "Eh, sauti tu. Mtu mwenyewe alishaondoka. Nikasema bora hivyo kuliko niue mashine ya mtu mwingine. Ongeza chai."

Edgar alikuwa na watu ishirini mbele yake, wametoka kuomba ukweli uonyeshwe dakika kumi zilizopita. Nafasi nzuri kuliko ile haiji. Edgar akafungua mdomo.

"Usijali, mama," akasema.

Akanywa chai. Akala ndizi mbili. Akaaga, akatembea mpaka barabarani, na pale penye kona ya duka la mbao akainama akazitapika zote.

Jumatatu alikuwa Kwa Shamsu kabla dirisha la mapokezi halijafunguliwa. Benchi lilikuwa limejaa. Ulikuwepo, umerudi tena kufuata dawa. Nyuma ya dirisha alikaa msichana mgeni, Hope, anajitahidi, bado hajui nani ana ndugu wa jina moja. Picha ya Recho ilikuwa imeshaondolewa. Skrini ilikuwa ya bluu tupu.

"Dada Mehru, njoo uone kitu," Edgar akasema.

"Imeharibika tena?"

"Njoo tu."

Akaomba kiti, akafungua lile faili, akashuka hadi Jumapili. Mehrunissa akavuta miwani machoni. Alisoma mara moja. Akasoma mara ya pili, midomo inacheza.

"Kulazimisha. Hii maana yake nini?"

"Maana yake mashine ilinikataza, nikalazimisha. Ijumaa ile pale, flashi ya kwaya. Haikugusa kitu. Ni mie, dada. Nilijua tangu Jumatatu ile uliponipigia."

"Ingia ofisini tuongee."

"Hapana."

"Edgar, kuna wagonjwa hapa."

"Na Jumanne walikuwepo."

Mehrunissa akashika ukingo wa meza. Hakumzuia. Edgar akatoka, akasimama mbele ya benchi, mikono haina pa kukaa.

"Shikamooni wazee wangu. Samahanini. Yule Mama Recho aliyetolewa hapa wiki iliyopita hakuharibu kompyuta. Niliyeiharibu ni mie. Nilikuja Jumapili, nikafanya kazi kwa haraka nikaiua, halafu nikamsukumia yeye. Flashi yake haikuwa na kosa."

Mtu mmoja akaitikia "marahaba", amechelewa. Kikohozi. Mzee mmoja mwenye fimbo akainua kidevu.

"Kwa hiyo saa hizi inafanya kazi?"

"Inafanya, mzee."

"Haya. Basi mie namba yangu ni ngapi?"

Na mkacheka. Mlifurahi kupata kitu cha kuchekea. Hope akauliza jina la mzee, kadi zikaanza kupita dirishani, na ukweli wa Edgar ukakanyagwa pale pale sakafuni kama karatasi ya dawa.

Ofisini Mehrunissa alikuwa ameketi, ameshika kichwa. "Unajua nilimwambia nini yule mama? Mbele za watu. Mama aliyeibeba zahanati hii mgongoni Baba akiwa hospitali. Baba angekuwepo, saa hizi angeshavaa viatu."

"Twende basi, dada. Ni dakika kumi tu kwa mguu."

Mehrunissa akaangalia viatu vyake, vilikuwa miguuni tayari. "Hope nimeshamsainisha miezi mitatu. Siwezi kumtupa na yeye, hana kosa. Nipe muda nipange maneno. Nitampigia mie mwenyewe."

"Basi kwa heshima, dada, mie mashine hii siigusi tena mpaka yeye akae pale."

"Kwani fundi hapa Boko ni wewe peke yako?" Hakusema kwa dharau. Alisema kwa uchovu, na ilikuwa kweli.

Edgar akaenda peke yake. Avelina alikuwa uani anamenya ndizi, kisu mkononi, maganda miguuni. Edgar alisimulia akiwa amesimama, hakukubali kiti. Alisimulia Jumapili, simu, chapati, Alhamisi, mstari alioukaribia kuufuta. Avelina hakuacha kumenya mpaka alipofika mwisho.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Simu haijafika mfukoni."

"Jumatatu." Kisu kikasimama. "Mie nimetolewa Jumanne."

"Ndiyo, mama."

"Na Jumamosi ulikaa hapo ukala."

"Ndiyo."

Akafuta mikono kwenye khanga, upande mmoja, upande wa pili, muda mrefu. Hakupaza sauti. Edgar angelipia chochote apaze.

"Ungenipigia Jumatatu," Avelina akasema, "hata Jumanne asubuhi, Edgar. Flashi ningekuwa nayo."

Hakuna amri ya kurudisha hilo. Edgar anajua amri nyingi. Alisimama pale akizipitia zote kichwani kama mwendawazimu, na hakuna. Avelina akaokota ndizi nyingine. Hakumfukuza. Hakumkaribisha.

Leo ni wiki ya tatu. Mehrunissa hajapiga, bado anapanga maneno, na ukimwuliza atakwambia kwa dhati kabisa kwamba atapiga kesho. Edgar anakwenda zahanati kila asubuhi, anauliza, anajibiwa, anarudi. Yeye ni mtu mmoja, tena mwenye kosa, na mwenye kosa akisema sana watu wanadhani anajisafisha. Fundi mwingine ameshapatikana. Wagonjwa wa kushika nafasi yenu hawapatikani: kliniki ya Alhamisi ina watu arobaini, na wewe ni mmoja wao.

Kwa hiyo Alhamisi hii, ukifika dirishani, usitaje namba yako. Muulize Hope kwa adabu, maana hana kosa: "Karani wetu yuko wapi?" Halafu kaa. Atakayekufuata aulize hilo hilo, na wa nyuma yake hilo hilo, mpaka Dada Mehrunissa atoke nje na kutembea zile dakika kumi. Na usingoje Alhamisi kwa lililo lako. Nyumba ya Avelina iko nyuma ya duka la mbao, geti la bati la kijani. Nenda leo, jua halijazama, ubishe hodi, umwambie: nilikuwepo, niliona, nikanyamaza. Inuka.